Mfumo unaandika "mpokeaji hakupatikana" na wewe uko ndani: jibu la aliyewahi kusambaza vifurushi

Mkuu mleta mada, pole sana. Umesema ulishinda nyumbani ukisubiri kifurushi, simu mkononi, na jioni ulipofungua ukurasa wa kufuatilia mzigo ukakuta wameandika "mpokeaji hakupatikana". Unauliza kama msambazaji amekudanganya, na kama ni hivyo, umshitaki wapi. Wachangiaji wengi hapo juu wamekujibu kwamba wasambazaji wote ni wavivu na waongo. Mimi nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa, kwanza ndani ya kituo cha kuchambua mizigo, halafu barabarani na gari. Siku hizi ni mpokeaji kama wewe. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Inawezekana kabisa kwamba hakuna mtu aliyefika mlangoni kwako. Jambo hilo lipo, nimeliona kwa macho yangu, na ni kosa. Ila ningependa ujue linavyotokea, kwa sababu ukijua utajua pia pa kubana.

Msambazaji anatembea na kifaa cha kuskani. Kila mzigo uliopakiwa asubuhi umo kwenye orodha ya kifaa hicho, na zamu haifungwi mpaka kila mmoja uwe na jibu: umekabidhiwa au haukukabidhiwa. Ukibonyeza "haukukabidhiwa", skrini inakutaka uchague sababu. Kwenye kifaa nilichopewa mimi sababu zilikuwa chache: mpokeaji hakupatikana, anwani haijakamilika, mpokeaji amekataa, mzigo umeharibika. Basi. Hapakuwa na mahali pa kusema "giza limeingia, na gari bado lina mizigo". Sasa mwenzetu aliyepakiwa mizigo kuliko saa alizonazo anafanyaje? Anachagua sababu iliyo karibu, na iliyo karibu siku zote ni "mpokeaji hakupatikana". Wewe unasoma kwamba hukuwepo, unapandwa na hasira, na hasira yote inamwangukia yule kijana wa mwisho kwenye mnyororo. Aliyepanga mizigo mingi kuliko muda, na aliyetengeneza orodha isiyo na jibu la kweli, wako ofisini na hakuna anayewapigia simu.

Hapa sitetei uongo. Walikuwepo wenzangu waliokataa kuandika hivyo, wakarudi na mizigo kituoni na kumwambia msimamizi wazi kwamba muda umewaishia, wakagombezwa mbele ya watu. Nawaheshimu mpaka leo. Lakini ukitaka tabia hii ife, lalamikia mpango wa kazi, usiishie kwa mtu mmoja. Andika kwenye malalamiko yako: "Naomba saa na mahali kifaa kilipoandika tukio hili." Vifaa vingi vya sasa vinarekodi muda, na vingi vinarekodi pia mahali kwa GPS. Msimamizi akifungua akaona "hakupatikana" zimepigwa mfululizo, dakika zilezile, gari likiwa limesimama sehemu moja, hana la kubisha. Malalamiko ya namna hiyo yanajibiwa haraka kuliko ya matusi. Nilikaa karibu na meza iliyokuwa ikiyapokea, na yaliyokuja na saa, tarehe na namba ya mzigo ndiyo yaliyofanyiwa kazi kwanza.

Sasa upande wa pili, maana nao ni mkubwa. Mara nyingi sana nimesimama nje ya jengo nikiwa na kifurushi kwapani na mwenyewe yuko ndani, na tusionane. Kengele haifanyi kazi. Namba ya nyumba imefutika, au nyumba tatu zina namba moja. Jina kwenye mzigo ni la utani alilojiandikishia mtandaoni, na jirani hamjui mtu huyo. Nampigia simu haipokei kwa sababu ni namba ngeni, halafu inakata. Ukisubiri mzigo, tafadhali pokea namba ngeni siku hiyo. Hilo peke yake lingeokoa safari nyingi sana.

Na anwani iandike kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kufika kwako. Kuna mteja mmoja simsahau. Chini ya anwani yake aliongeza mstari mmoja: mlango wa nyuma, ghorofa ya pili, kengele ni mbovu, gonga kwa nguvu. Wasambazaji wote wa njia ile walimjua bila kumwona, na mzigo wake haukurudi kituoni hata siku moja nilipokuwa zamu. Sehemu ya "maelekezo ya ziada" kwenye fomu ya oda watu wanairuka, au wanaandika "asante". Andika alama isiyohama. Gari jekundu lililoegeshwa nje linaondoka, ngazi ya chuma haiondoki.

Kuna mchangiaji ameuliza kwa nini mzigo wake kutoka nje ya nchi "umekwama" mahali pamoja wiki nzima. Mara nyingi haujakwama. Ukurasa wa kufuatilia hauonyeshi mzigo ulipo sasa, unaonyesha mahali ulipopigwa skani mara ya mwisho. Ukiingizwa kwenye gunia au kontena pamoja na mingine, kinachoskaniwa ni gunia, na mzigo wako unakaa kimya mpaka gunia lifunguliwe upande wa pili. Ndege inaweza kuwa imetua na kuondoka tena, na skrini yako bado inasema "umeondoka kituo cha ubadilishanaji". Ukimya baada ya neno hilo usikutishe mapema. Unaohitaji kufuatiliwa ni ukimya unaokuja baada ya "umezuiwa na forodha", kwa sababu hapo kwa kawaida kuna karatasi inayosubiriwa kutoka kwako: risiti, thamani ya bidhaa, au maelezo ya kilichomo. Muuzaji akiwa ameandika "zawadi" kwenye kitu kipya chenye lebo ya dukani, forodha watauliza. Mwambie aandike ukweli.

Namba yenyewe inasema mengi, na hapa naomba mtulie kidogo kwa sababu inasaidia kuwabaini wauzaji matapeli. Mzigo unaopita posta baina ya nchi na nchi hubeba namba ya muundo mmoja dunia nzima, uliowekwa na Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzia kwenye mkataba wa Bern wa tarehe 9 Oktoba 1874 (ndiyo maana tarehe hiyo ni Siku ya Posta Duniani). Ni herufi mbili, tarakimu 9, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka. Herufi ya kwanza ni aina ya huduma: R ni rejista, C ni kifurushi, E ni EMS yaani ya haraka. Ukiona inaanza na U, jua umetumiwa kwa huduma ya bei ya chini ambayo kwa kawaida haifuatiliwi mpaka mlangoni, kwa hiyo usiamke usiku kuangalia.

Tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki, na hesabu yake unaweza kuifanya kwenye karatasi. Chukua nane za kwanza, zizidishe kwa mpangilio huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Jumlisha. Gawa kwa 11, chukua baki, uitoe kwenye 11. Jibu likiwa 10 andika 0, likiwa 11 andika 5. Mfano, 12345678: unapata 8 + 12 + 12 + 8 + 15 + 30 + 63 + 56, jumla 204. Ukigawa kwa 11 inabaki 6, na 11 kutoa 6 ni 5. Kwa hiyo namba sahihi inaishia 123456785. Muuzaji akikupa namba ya muundo huu ambayo tarakimu ya mwisho haikubali, ama amekosea kuandika, ama ameitunga. Mwombe picha ya risiti ya posta siku hiyohiyo. Kampuni binafsi za usafirishaji zina miundo yao wenyewe, hesabu hii usiipeleke huko.

Jambo jingine linalonikera kwa dhati ni ujumbe wa simu unaosema mzigo wako umezuiliwa, lipia ada ndogo kupitia kiungo hiki. Usibonyeze. Kiasi wanachotaja ni kidogo makusudi, wanachotaka ni namba za kadi yako. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni kwa kuandika anwani yake, ingiza namba yako ya mzigo, uone kama kuna deni kweli. Na kama kampuni inatumia namba ya siri ya kukabidhi mzigo, itaje ukiwa umeuona mzigo mbele yako. Anayekupigia kuomba umsomee namba hiyo kwenye simu kabla hajafika, mkatalie.

Kuhusu kushitaki wapi: anza na aliyekuuzia. Wengi wanapoteza siku wakipigiana simu na kampuni ya usafirishaji, wakati aliyeingia mkataba na kampuni hiyo ni mtumaji. Yeye ndiye mteja wao, yeye ndiye mwenye haki ya kufungua dai la upotevu au uharibifu, na madai hayo yana muda wa mwisho. Wewe mpe ushahidi: picha ya ukurasa wa kufuatilia, picha ya mlango wako wenye namba inayosomeka, orodha ya simu ulizopigiwa siku hiyo ikionyesha kwamba hakuna aliyekutafuta. Kama mzigo umefika umebonyea au umechanika, kabla ya kutia sahihi andika palepale "sanduku limeharibika", piga picha pande zote ukiwa bado umefungwa, na usitupe sanduku wala plastiki ya ndani. Niliwahi kumwona mteja akinyimwa fidia ya kioo kilichovunjika kwa sababu sanduku lilishatupwa na hapakuwa na njia ya kuonyesha lilifungwaje.

Kwa wanaotuma, nitagusia mawili tu. Bei ya mizigo ya ndege haifuati mizani peke yake. Kampuni nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita na kugawa kwa 5000, kisha hutoza kwa uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani. Sanduku la 50 kwa 40 kwa 30 linahesabiwa kilo 12 hata kama ndani kuna mto mmoja wa pamba. Tafuta sanduku linalobana. La pili ni betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, pamoja na powerbank. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kama mzigo kwenye ndege za abiria. Ukizificha katikati ya nguo unahatarisha watu, na mashine ya eksirei itaziona vilevile.

Halafu kuna hili la mbwa. Mfunge. Najua kwako ni mpole, kila mwenye mbwa aliniambia hivyo akiwa amesimama nyuma ya geti. Mwenzangu wa njia ya jirani aliumwa mguu na mbwa "asiyeuma", akakaa nje ya kazi muda mrefu, na kipindi hicho hakulipwa kwa sababu alilipwa kwa kila mzigo aliofikisha. Wengi wanaokuletea vifurushi wanalipwa hivyo. Ule mzunguko wa pili anaoufanya kwa sababu simu yako ilikuwa imezimwa, mara nyingi haumwingizii chochote.

Nimesoma hapo juu mmoja akisema huwa anamwacha msambazaji asimame nje makusudi ili "ajifunze". Ndugu yangu, huyo unayemfundisha ndiye atakayeamua kesho kama agonge mara ya pili au aondoke. Nyumba ambazo watu walinisalimia kwa jina nilizirudia mwisho wa zamu bila kuambiwa na mtu. Hakuna aliyenihonga. Nilijua tu kwamba mwenyewe anasubiri na kwamba atafungua.

Sasa turudi kwako, mkuu. Kesho asubuhi mapema piga kituo kinachoshughulikia eneo lako, kabla magari hayajapakiwa, na uombe mzigo ubaki dirishani uufuate mwenyewe, au upangwe upya ukiwa na maelekezo mapya. Uliza mzigo unakaa siku ngapi kabla ya kurudishwa kwa mtumaji, maana hiyo ndiyo saa inayokimbia sasa. Nenda na kitambulisho chenye jina lilelile lililo kwenye mzigo. Kama limetofautiana, mwombe muuzaji leo hii akutumie uthibitisho wa oda. Malalamiko ya "hakupatikana" yaandike mzigo ukishakuwa mikononi mwako, ukiomba saa na mahali kama nilivyosema. Wakikujibu, weka jibu lao hapa tulisome pamoja.