Si kila ukucha mbovu ni fangasi

Msomaji, mwanafunzi wa uuguzi, anauliza: “Kwenye fomu ya mgonjwa kuna sehemu ya hali ya ngozi na kucha. Niliandika ‘makucha ya miguu yana fangasi’, mkufunzi akakata kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Kosa ni makucha au fangasi? Na fangasi ni ngeli gani?”

Makucha kwanza, maana hilo ni jepesi. Ukucha mmoja, kucha nyingi: ukucha umevunjika, kucha zimevunjika. Makucha waachie chui na mwewe, au mtu unayetaka kumsema vibaya. Fangasi limetoka Kiingereza, nacho kililitoa Kilatini, na wasemaji wameliweka I-ZI pamoja na wageni wenzake: fangasi hii, fangasi hizi. Wapenda Kiswahili cha vitabu vya biolojia wanalo kuvu. Sasa tuje kwenye ile kalamu nyekundu, ambayo naiunga mkono kabisa.

Siku hizi kila kinachoota juu ya ngozi kinaitwa fangasi. Kichwa kikitoa magamba, fangasi. Joto la Dar es Salaam likimtoa mtoto harara shingoni, fangasi. Ukucha ukibadilika rangi, hapo hata mjadala haupo. Sina ugomvi na neno kwa kuwa ni la kukopa; hata daktari tumemkopa. Ugomvi wangu ni kwamba linataja kisababishi wakati jicho limeona dalili tu. Fangasi ni jibu la hadubini. Anayelitamka akiwa amesimama mlangoni mwa wodi anaagua, hapimi.

Chukua ukucha wa kidole gumba cha mguu: mnene, wa manjano, umeinuka kwenye ncha. Inaweza kuwa fangasi kweli. Inaweza pia kuwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaotoa magamba, ambao huacha vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano juu ya ukucha na kuufanya uachane na nyama. Inaweza kuwa kiatu kinachobana, au miaka ya kupiga mpira. Ukiwa na ukijani, washukiwe bakteria, hasa kwa mtu ambaye mikono yake haikauki kwa kufua na kuosha vyombo. Karibu nusu tu ya kucha zilizoharibika ndizo huthibitika kuwa na fangasi. Wanaobaki wanapakwa krimu ambayo hata kwa fangasi yenyewe ina kazi ngumu, kwa sababu haipenyi vizuri kwenye ukucha mnene. Baada ya miezi mitatu wanarudi dukani kulalamika kwamba “fangasi hii ni sugu”. Masikini fangasi, haikuwepo.

Kuna na hatari kubwa zaidi. Mstari mweusi unaoshuka kwenye ukucha ni jambo la kawaida kwa watu weusi, na ukionekana kwenye kucha kadhaa mara nyingi hauna neno. Lakini mstari mmoja uliozuka ukubwani, unaopanuka, au unaomwaga weusi hadi kwenye ngozi ya shina la ukucha, huo ni wa kupelekwa kwa daktari upesi. Bob Marley aligundulika mwaka 1977 kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Ilisambaa, akafariki mwaka 1981. Andika “fangasi” kwenye ukucha wa namna hiyo uone umempotezea mgonjwa miezi mingapi.

Basi kwenye fomu andika ulichokiona na mahali ulipokiona: “Ukucha wa kidole gumba, mguu wa kulia: mnene, wa manjano, umeachana na nyama hadi nusu, unamomonyoka, una unga chini yake. Hauumi. Ulianza mwaka jana. Kucha nyingine 9 za miguu ni nzima.” Maneno yote hayo anayajua hata bibi yako. Ukishaandika, kata kipande cha ukucha na ukwangue ule unga wa chini, sehemu ya ndani kadiri inavyowezekana, maana unga wa ncha mara nyingi hauonyeshi kitu. Kama mgonjwa amekuwa akitumia dawa ya fangasi, sema, kwa kuwa kipimo kinaweza kudanganya. Maabara wataloweka sampuli kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20 ili ukucha ulainike, kisha watatafuta nyuzi za fangasi kwa hadubini. Wakiziona, liandike neno lako kwa herufi kubwa ukipenda. Tiba yake kwa kawaida ni vidonge vya terbinafini vya miligramu 250, kimoja kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono na 12 kwa za miguu, kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu vinaweza kudhuru ini. Na mgonjwa aambiwe mapema kwamba ukucha mpya wa mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota wote.

Kwenye ngozi mambo ni yale yale. Doa ni badiliko la rangi lisiloinuka; likizidi sentimita 1 liite baka. Kilichoinuka kidogo ni kipele, chenye maji ni lengelenge, chenye usaha sema kina usaha. Usichanganye vipele na upele: upele ni ugonjwa wenye jina lake, unawasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, na nyumba nzima hutibiwa siku moja. Na baka ukilikuta limepauka, liguse kwa ncha ya pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi, fikiria ukoma.

Mtaani fangasi limeshinda, nimechoka kulifukuza. Mwambie jirani una fangasi, atakuelewa na atakupa ushauri usiouomba. Kwenye fomu sitalivumilia, wala sitamvumilia mwenzake “wekundu”, anayejaa kwenye vijikaratasi vilivyotafsiriwa. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa moto mara nyingi hauonekani mwekundu. Huwa wa zambarau au mweusi zaidi ya ngozi ya kando. Andika hivyo, kisha gusa kwa mgongo wa vidole uone kama pana joto, na ulinganishe na upande wa pili wa mwili.