Wasomaji Wanauliza: Kwenda Kuona Magofu, Michoro na Maporomoko ya Milimani

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaokwenda milimani, si kupanda vilele bali kuona vilivyoko huko: magofu, michoro ya miambani, maporomoko ya maji. Tumechagua tano.

SWALI: Ndugu wahariri, ramani inaonyesha ngome ya kale tunayotaka kuiona iko kilomita 6 tu kutoka barabarani. Tumepanga kuondoka saa nne asubuhi na kurudi kwa chakula cha mchana. Mwenyeji wetu anasema haiwezekani. Tumekosea wapi?

JIBU: Mmehesabu umbali, mkasahau kupanda. Tangu mwaka 1892 wapanda milima wanatumia kanuni ya Mskoti William Naismith, ambayo kwa vipimo vya leo ni hivi: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme ngome yenu iko mita 900 juu ya barabara. Kwenda na kurudi ni kilomita 12, yaani saa 2 na dakika 24. Kupanda mita 900 kunadai saa 1 na nusu zaidi. Jumla inakaribia saa 4, nazo ni saa za mtu mwenye miguu mizoefu asiyesimama hata kunywa maji. Kundi lenye watoto au wazee liongeze nusu yake, ziwe 6, na hapo hamjaweka saa ya kuitazama hiyo ngome. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mtarudi yapata saa saba mchana.

Mita za kupanda zisomeni kwenye ramani yenye mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Angalieni pembeni tofauti ya mwinuko kati ya mstari na mstari, mara nyingi mita 20 kwenye ramani za 1:50,000, kisha hesabuni mistari ambayo njia inaikata. Kosa la wengi ni kutoa mwinuko wa barabara katika mwinuko wa ngome na kuishia hapo. Njia ikishuka bondeni mita 200 halafu ikapanda tena, hizo 200 zinaongezwa kwenye hesabu, na wakati wa kurudi mtazipanda tena mkiwa mmechoka.

Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka. Kwa mpango huu ni saa tano: ikifika, mnageuka, hata kama kuta zinaonekana pale mbele. Na kabla ya kuanza kushuka, fungueni kamba za viatu mzifunge upya, mkaze zaidi penye kifundo ili kisigino kikae nyuma. Mguu ukiteleza ndani ya kiatu, vidole vinagonga mbele kila hatua, na kufika chini kucha za vidole gumba zimeshaanza kuwa nyeusi.

SWALI: Michoro tuliyoiona pangoni imefifia sana. Mwenzetu aliimwagia maji ya chupa, rangi zikatokea, akapiga picha. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, na ni mkubwa. Rangi nyekundu ya michoro mingi ni udongo wenye oksidi ya chuma, nyeusi mara nyingi ni mkaa, na yote imeshika kwenye utando mwembamba wa uso wa jiwe. Maji yanapenya kwenye vitundu vya jiwe na kuyeyusha chumvi iliyomo. Yakikauka, chumvi inavutwa hadi juu na kuganda kuwa fuwele, na fuwele zinapokua zinausukuma ule utando mpaka unabanduka pamoja na rangi yake. Sehemu isiyobanduka hubaki na ukungu mweupe. Milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, ina michoro mingi ya Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, na huko kulowesha miamba kwa ajili ya picha ni uharibifu wa wageni unaojulikana vizuri. Mwambieni mwenzenu asirudie. Mchoro ukishabanduka hakuna fundi wa kuurudisha.

Picha nzuri inapatikana kwa njia nyingine. Zimeni flashi. Ukuta ukiwa nusu juani nusu kivulini kamera inashindwa, basi mmoja wenu asimame na kuzuia jua kwa mwavuli au khanga, mchoro wote uwe kwenye kivuli. Michongo, yaani ile iliyochimbwa kwenye jiwe, inataka kinyume chake: jua la asubuhi au jioni linalopita ubavuni, kwa sababu saa sita mchana mikwaruzo haina kivuli na haionekani. Mkirudi nyumbani, programu ya DStretch iliyotengenezwa na Jon Harman inaweza kutoa kwenye picha rangi ambazo macho hayakuziona. Vidole viacheni mfukoni, maana jasho na mafuta ya ngozi yanabaki ukutani. Na msikanyage ovyo sakafu ya pango: vumbi linapanda na kuganda juu ya rangi, na chini ya vumbi hilo huenda kuna majivu na vipande vya mawe ambavyo wachunguzi wa mambo ya kale bado hawajavifikia.

SWALI: Tulivuka kijito kwenda kwenye maporomoko, maji yakiishia kifundoni. Saa moja baadaye hayakuvukika, wala mvua haikunyesha. Yalitoka wapi?

JIBU: Ilinyesha juu, nyuma ya mgongo wa mlima ambako hamkuona. Dalili hutangulia: maji masafi yanageuka rangi ya udongo, majani na vijiti vinaanza kupita, sauti ya mto inakuwa nzito. Mkiona hata moja, tokeni kwenye korongo kwa kupanda kando, msikimbie kufuata mto. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Kijito kilichofurika ghafla mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Kaeni ng'ambo mngoje.

SWALI: Mama ana miaka 64, mimi ni mkimbiaji. Tulilala kwenye mwinuko wa mita 3,400, na mimi ndiye niliyeumwa kichwa na kutapika. Imekuwaje?

JIBU: Mazoezi hayakingi ugonjwa wa mwinuko. Unaweza kuanza kuanzia mita 2,500, saa kadhaa baada ya kufika, na vijana wenye nguvu huumwa kwa sababu wanakwenda haraka. Cha kutazama ni mahali unapolala. Mji wa Cusco nchini Peru uko karibu mita 3,400, ilhali magofu ya Machu Picchu yako mita 2,430 tu, kwa hiyo wanaojua huteremka kulala bondeni kwanza, Cusco wakaiacha mwisho. Ukipita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana.

Kichwa kikiuma, usipande zaidi. Mtu akipumua kwa shida hali amekaa, akianza kuchanganyikiwa, au akishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole, ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

SWALI: Tukishuka mlima breki zilinuka, kisha pedali ikawa laini. Tufanyeje siku nyingine?

JIBU: Mlikanyaga breki mfululizo, mafuta ya breki yakachemka. Mvuke unabonyea, ndiyo maana pedali inazama bila gari kusimama. Mafuta ya zamani huchemka mapema zaidi kwa sababu yamenyonya unyevu: mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yaliyonyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 155. Yabadilisheni kabla ya safari. Mteremko ukianza, wekeni gia ya pili, au L kwa gari la otomatiki, injini ndiyo izuie. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo na kuachiwa, ipate kupoa. Harufu ikija, simameni mahali tambarare, tieni jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, mngoje nusu saa. Msizimwagie maji diski za moto, zitapinda au kupasuka.