Mwanangu, kuhusu toba ya dakika ya mwisho

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho usiku, baba yako akiwa amelala. Umeniambia kwamba yule mkuu wako wa zamani, aliyekusingizia hadi ukafukuzwa kazi, amefariki, na kwamba saa chache kabla ya kukata roho aliongozwa sala ya toba, akalia sana. Msibani wakatangaza kwamba ameenda mbinguni moja kwa moja. Nawe unaniuliza: "Mama, toba ya namna hiyo inahesabika kweli?"

Inaweza kuhesabika. Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana hakupata hata siku moja ya kuishi vizuri. Hakurudisha alichoiba wala hakumwomba radhi hata mmoja wa aliowaumiza. Alikiri kwamba adhabu ile inamstahili, akaomba akumbukwe, akaahidiwa pepo siku ileile. Hapo sisi Wakatoliki na ninyi wa kanisa unalosali sasa hatuna ugomvi.

Lakini nadhani hilo ulikuwa unalijua kabla hujashika kalamu. Linalokukosesha usingizi ni kwamba huenda imehesabika. Hilo nalijua, mwanangu. Nimewahi kukaa nalo kando ya kitanda cha mjomba wako.

Namna ndugu zako wawili, watoto aliowaacha mjomba wako, walivyofika kwetu sina haja ya kukusimulia. Ni wewe uliyewafungulia mlango, nao wana mfuko mmoja wa nguo kati yao. Usichokijua ni usiku wa mwisho wa baba yao. Unajua babu yako hakutaka tubatizwe, na kwamba mimi nilibatizwa mtu mzima, nimeshaposwa. Mjomba wako alinicheka wakati ule. Basi jioni ile akanishika mkono, sauti yake imebaki ndogo kabisa, akasema, "Dada, nataka kubatizwa. Niitie padri."

Ningefurahi, sivyo? Miaka kumi na minane nilikuwa namwombea kitu hicho hicho. Badala yake hasira ilinipanda mpaka kooni. Nilikumbuka ada za shule, homa za usiku, yule mdogo alivyokuwa akikaa dirishani kila Jumapili kwa sababu aliwahi kuambiwa "baba atakuja Jumapili". Nikamjibu, "Pumzika kwanza. Tutamwita asubuhi."

Padri angekuja usiku uleule. Sikumwita. Nilitaka kaka yangu asubiri, japo usiku mmoja, kama watoto wake walivyomsubiri. Alfajiri alikuwa amekwisha.

Na kuna jambo zaidi, sijawahi kulitamka mbele ya mtu isipokuwa kwenye kitubio. Mezani palikuwa na bilauri ya maji. Nilifundishwa katekisimu, nilijua vizuri: mtu akiwa hatarini kufa na padri hayupo, yeyote anaweza kumbatiza, mradi anakusudia kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Ni kummiminia maji kichwani na kusema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtaguso wa Florence, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliandika mwaka 1439 kwamba katika shida hata mpagani aweza kulifanya hilo. Hata mpagani! Mimi nilikuwa dada yake, Mkristo, na maji yako mkononi mwangu. Niliyatumia kumlowanisha midomo tu.

Sasa unaelewa kwa nini ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu huwa nikiusikia kanisani natazama sakafu. Wale wa asubuhi walifanya kazi juani kutwa, wa saa kumi na moja wakafanya saa moja tu, wakalipwa sawasawa. Mwenye shamba akawauliza wa kwanza kama jicho lao limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema. Jicho langu lilikuwa ovu usiku ule. Simzungumzii mtu mwingine.

Padri mzee niliyemwendea baadaye alinisimulia habari ya Kaizari Valentinian II wa Roma. Kijana wa miaka kama ishirini, alimwandikia askofu Ambrose wa Milan aje ambatize. Ambrose akaanza safari, lakini mwaka 392 kaizari akafa huko Gaul, ambayo leo ni Ufaransa, kabla askofu hajafika. Dada zake walilia, na kilichowatesa ni kwamba amekufa bila maji. Katika mahubiri ya mazishi Ambrose aliwafariji kwamba neema aliyoiomba ameipata, kwa sababu aliiomba. Kanisa letu huita hali ya namna hiyo ubatizo wa tamaa. Nililia mbele ya yule mzee mpaka akanyamaza. Tofauti niliiona mara moja: dada za kaizari hawakumchelewesha askofu.

Nimekuambia tangu ukiwa mdogo, na nitarudia: kiti cha hukumu kina mwenyewe. Usiku ule nilikikalia. Na wale waliotangaza msibani kwamba mkuu wako ameshafika mbinguni, nao wamekikalia, ijapokuwa kwa upole.

Lakini ngoja, maana najisikia nikisema hivyo na sijaridhika. Kiti kina mwenyewe, sawa. Je, si maneno ya kukimbia swali? Wewe uliyefukuzwa kazi kwa uongo, wale watoto wa dirishani, mnaambiwa nini? Kwamba mtu alilia saa chache na mambo yakaisha? Hapana. Siwezi kuamini hivyo. Waraka kwa Waebrania unasema watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Watu hulisoma neno lile kama tishio. Kwa mtoto aliyeachwa mimi naliona ni ahadi: lile jambo litatajwa, mbele ya mtu asiyeweza kudanganywa.

Najua kanisa lako halikubali toharani, kule kutakaswa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni, wala sikuandikii kukurudisha kwetu. Ila hata wengi wetu wanadhani tumefundishwa hesabu ya miaka na ukali wa moto. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ulisema kwamba toharani ipo na kwamba roho zilizomo husaidiwa na maombi ya walio hai, ukawaagiza maaskofu wasiwahubirie watu wa kawaida maswali ya kidadisi juu yake. Haukutaja moto. Mimi mwenyewe, kwa akili yangu ya mama, naiwaza hivi: kaka yangu amesamehewa, na bado lazima amwone yule mtoto dirishani. Amwone kila Jumapili, moja moja, mpaka aelewe. Kisha aingie. Nami nitawekwa mbele ya bilauri.

Sasa mkuu wako. Ulimi unaniwasha, mwanangu. Nilikuona uliporudi nyumbani mwaka ule, umekonda, ukiruka kila simu ikilia. Neno la kukuandikia ninalo, ni moja tu, na nimelishika tangu jana. Siliandiki. Mnyang'anyi yule alisema kwanza kwamba anapata alichostahili, ndipo akaomba. Kama mkuu wako naye alilisema hilo moyoni, wewe na mimi hatukuwepo kulisikia. Na kuhusu mjomba wako nilikuwa nimeshaandika "yupo salama". Nimekata. Natumaini, kwa nguvu zote nilizonazo natumaini, lakini kiti kina mwenyewe.

Hukusema kama unapaswa kumsamehe, wala sitakulazimisha. Mimi ilinichukua miaka, tena aliyenisukuma ni ndugu yako mkubwa. Kila mwaka siku ile huweka nia ya misa kwa ajili ya baba yake, jina kamili, kisha hukaa benchi la mbele. Baba aliyemwacha! Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema, "Shangazi, si aliomba?"

Hajui habari ya bilauri. Anaamini padri aliitwa akachelewa njiani. Ndivyo nilivyomwambia, naye hajawahi kuuliza zaidi. Nataka kumweleza kabla ya misa ya mwaka huu. Nakuomba uje siku mbili mapema, ukae karibu yangu nitakapomwambia.

Mama yako