Viongozi wa shirika la kuandaa vijana kwa kazi: nani akae wapi na afanye nini

Ndugu wa Arua, Uganda, umeuliza hivi: mko wanne mlioanzisha shirika la kuwasaidia vijana kuchagua fani, kujifunza ufundi na kupata kazi. Nyote wanne mnaitwa wakurugenzi. Sasa mfadhili ametaka orodha ya viongozi na majukumu yao, na hamjui muandike nini. Nakujibu kwa urefu, maana mashirika mengi ya aina hii hukwama hapa hata yakiwa na fedha.

Kinachowachanganya ni neno lenyewe, "mkurugenzi". Ukisajili URSB, ofisi ya Uganda ya usajili wa kampuni, kampuni ya dhamana isiyo na hisa, ambayo ndiyo njia ya wengi, sheria huwaita wajumbe wa bodi wakurugenzi. Hao hawaendeshi kazi ya kila siku. Anayeiendesha ni mkurugenzi mtendaji: ameajiriwa na bodi, ana mkataba na mshahara, na bodi inaweza kumwachisha kazi. Kaeni wanne mkubaliane nani anabaki kwenye bodi bila mshahara na nani anakuwa mtumishi. Mtu asikae pande zote mbili, kwa kuwa siku bodi itakapojadili mshahara wake au kosa lake hakutakuwa na wa kumhoji. Mkurugenzi mtendaji ahudhurie vikao vya bodi kama katibu, atoe taarifa, asipige kura. Likifika jambo linalomhusu yeye, atoke nje.

Bodi ya watu 5 au 7 inawatosha. Wakiwa 3, mmoja akisafiri na mwingine akiugua akidi imevunjika. Wakifika 11, kila kikao kinameza nauli na chakula bila kuongeza maarifa. Hakikisheni ndani yake yumo mwajiri wa kweli, mtu anayeajiri mafundi au wahudumu kila mwaka, kama mwenye gereji kubwa, hoteli au kampuni ya ujenzi. Awemo mtu wa hesabu, anayejua sheria ya kazi, mkufunzi wa chuo cha ufundi, na kijana mmoja aliyepitia mafunzo yenu. Huyo kijana msimweke kwa ajili ya picha. Mpeni kura kama wengine na mlipieni nauli kabla ya kikao, kwa sababu hana akiba ya kusubiri kurudishiwa. Ndugu wa damu au wa ndoa wasizidi mmoja. Mke au shemeji wa mwanzilishi atapata shida kuuliza risiti iko wapi mbele ya watu, na bodi isiyouliza risiti ni majina tu kwenye karatasi.

Vikao vinne kwa mwaka, nyaraka ziwafikie wajumbe siku 7 kabla, na hesabu za miezi mitatu zisomwe mwanzoni, kabla watu hawajachoka. Muda wa ujumbe uwe miaka 3, lakini pangeni wasiondoke wote mwaka mmoja.

Kuhusu serikali, mwenyekiti wa bodi na mkurugenzi mtendaji wanabeba jukumu pamoja. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ni ya 2016. Iliporekebishwa 2024, Ofisi ya NGO, yaani inayosimamia mashirika hayo, ikawa idara ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kusajiliwa URSB peke yake hakuwaruhusu kufanya kazi: mnahitaji kibali cha idara hiyo, na kwa kila eneo mnaloingia mnahitaji idhini ya kamati ya wilaya inayosimamia mashirika pamoja na hati ya makubaliano na serikali ya mtaa ya hapo. Huko kwenu wengi wanateleza kwenye jambo hili. Jiji la Arua na Wilaya ya Arua ni serikali mbili tofauti tangu 2020, na Terego nayo ikawa wilaya mwaka huohuo. Hati mliyosaini na jiji haiwaruhusu kufungua darasa Terego, wala wilaya ya Yumbe. Na mkitaka kuwafikia wakimbizi wa makazi ya Bidibidi au Rhino Camp, ongezeni ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Andikeni jina la mtu mmoja anayetunza faili la vibali na tarehe zake za mwisho. Likiachwa kuwa la wote, tarehe hupita.

Sasa watendaji. Kwa ukubwa wenu viti vinne vinatosha: mkurugenzi mtendaji, msimamizi wa mafunzo na ushauri wa fani, afisa wa waajiri, na mhasibu. Ufuatiliaji wa vijana baada ya mafunzo anaweza kuushika mkurugenzi mtendaji mwanzoni, ilimradi asiushike msimamizi wa mafunzo, kwa sababu hakuna mwalimu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe kwa ukali unaotakiwa.

Kiti ambacho karibu kila shirika dogo hukiacha wazi ni cha afisa wa waajiri, na mimi ningekijaza kabla hata ya msimamizi wa mafunzo. Mafunzo yanaweza kununuliwa: chuo kipo, mkufunzi yupo. Nafasi za kazi hazinunuliwi, zinatafutwa kwa miguu. Mtu huyu akiwa mdogo ofisini, darasa litapangwa kwanza na kazi itatafutwa baadaye, nanyi mtahitimisha washonaji 40 katika mji wenye nafasi za washonaji 6. Akikaa kwenye meza ya uongozi, fani haifunguliwi mpaka alete majina ya waajiri walio tayari kupokea watu.

Kazi yake ianze na orodha ya waajiri 40 hadi 50 walio umbali wa kijana kufika kwa mguu au kwa boda ya bei nafuu. Kila mmoja amtembelee, amwulize ana wafanyakazi wangapi, ni ujuzi gani anaukosa, msimu wake wa kazi nyingi ni upi, na nani hasa anayeamua kuajiri. Kwenye gereji mwenye uamuzi mara nyingi ni fundi mkuu, wala si mwenye mali. Ukikubaliana na tajiri ukamruka fundi, kijana atafagia mpaka achoke, hapewi spana. Kila anayepokea mwanafunzi asaini karatasi ya ukurasa mmoja: siku na saa za kazi, chakula cha mchana, vifaa na viatu vya usalama vinatoka kwa nani, nani atalipa hospitali akiumia, na tarehe ya kumaliza. Bila tarehe hiyo, mafunzo kazini hugeuka kazi ya bure ya miezi sita. Wiki 8 zinatosha kwa fani nyingi, kisha mwajiri aamue kumwajiri au kumwachia. Afisa arudi kumtazama kijana wiki ya kwanza na ya tatu, maana ndipo wengi wanapoacha.

Na wanapoacha, sababu ya kawaida ni nauli. Mshahara wa kwanza hutoka mwisho wa mwezi, na kijana hana cha kumfikisha kazini siku 30 za mwanzo. Wekeni kwenye bajeti nauli na chakula cha mwezi huo mmoja, mtume kwa simu kila Jumatatu. Mkimpa yote mara moja, nyumbani kuna mtu mgonjwa au mtoto anayedaiwa karo, na fedha itaenda huko, nani atamlaumu?

Kwa wakimbizi, afisa huyu ana kazi ya ziada. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi Uganda, lakini waajiri wengi hawajui na wanaogopa. Awe anatembea na nakala ya kifungu na ya kitambulisho cha mkimbizi, aeleze kwa utulivu.

Mipaka miwili bodi iiandike mapema. Kwanza, kijana asilipe chochote ili aunganishwe na kazi, hata "ya fomu". Pili, shirika lisipeleke watu kazi za nje ya nchi. Hiyo ni kazi ya wakala mwenye leseni kutoka Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na atakayekuja na ahadi za ng'ambo akitaka majina ya wahitimu wenu asipewe hata moja.

Msimamizi wa mafunzo ana mambo yake, sitayarefusha. Awashughulikie wanafunzi wa S4 na S6 (kidato cha nne na cha sita) kabla hawajachagua masomo na vyuo, maana baada ya hapo ushauri haubadilishi kitu. Wengi wa S4 hawajafika miaka 18: pateni ruhusa ya mzazi na ya mwalimu mkuu kwa maandishi, na mshauri asikae na mtoto peke yake chumba kimefungwa.

Mhasibu. Saini za benki ziwe za watu wawili, mmoja wao wa bodi, na mweka hazina asiwe mjumbe pekee wa bodi mwenye saini, maana akisafiri atawaachia hundi tupu zilizosainiwa. Anayeandika ombi la malipo asiliidhinishe. Fedha za mkononi ziwe na kikomo, tuseme shilingi 300,000, zihesabiwe kila Ijumaa na mtu mwingine. Malipo ya simu yatoke kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la shirika. Laini ya mtu binafsi humfanya mtu mwaminifu aonekane mwizi wakati wa ukaguzi.

Mishahara ndiyo inayoangusha bajeti nyingi. Mtu wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi anawagharimu 1,100,000, kwa kuwa mwajiri anaongeza asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Yeye mwenyewe anakatwa asilimia 5, yaani 50,000, na kodi ya mshahara, PAYE, 202,000 kwa viwango ambapo 235,000 za kwanza hazikatwi. Anabaki na 748,000. Mkimwahidi milioni "mkononi" bila kupiga hesabu hii, nakisi itawakuta mwezi wa pili. Viwango vya kodi hutazamwa upya kila Julai mwaka wa fedha unapoanza, kwa hiyo vikaguliwe URA, mamlaka ya mapato. NSSF na PAYE zote hulipwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na tangu marekebisho ya 2022 NSSF inamhusu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Wengine hudhani shirika la hisani halihusiki na kodi. Msamaha wa kodi ya mapato huombwa URA kwa maandishi, na hata ukipatikana hauondoi PAYE ya wafanyakazi.

Ufuatiliaji: mkiandikisha kijana chukueni namba tatu, yake, ya mzazi au mlezi, na ya jirani au rafiki. Laini hubadilika, namba moja hupotea ndani ya miezi michache. Pigeni mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Msiulize "una kazi?", ulizeni wiki iliyopita alifanya kazi siku ngapi na alipata shilingi ngapi, kibarua wa siku moja atajibu ndiyo kwa swali la kwanza. Kisha gawanyeni kwa idadi ya walioanza. Tuseme walianza 60, wakamaliza 48, mkawapata kwa simu 30, na 21 kati yao wanafanya kazi. Shirika lenye haraka litaandika asilimia 70. Ukweli unaoweza kuutetea ni asilimia 35 ya walioanza, pamoja na 30 ambao hamjui waliko. Andikeni zote mbili. Mfadhili makini ataithamini ya pili, na bodi ndiyo itakayowauliza wale 30 wamekwenda wapi.

Kwa kuwa mnatunza majina, namba na hali za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu: mjisajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data binafsi, na orodha isisambazwe kwenye makundi ya simu.

Jambo la mwisho ambalo husahaulika mpaka mwanzilishi anapoondoka: nywila. Barua pepe, akaunti ya URA, ya URSB, ya benki na jina la tovuti viwe vya shirika, na bahasha iliyofungwa yenye nywila akae nayo mwenyekiti. Msipofanya hivyo, mtu mmoja akikasirika shirika zima linafungwa nje.

Kwa mfadhili, andikeni jedwali la safu tano: jina, nafasi, anawajibika kwa nani, asilimia ngapi ya muda wake iko kwenye mradi huu, na fungu gani linamlipa. Ile safu ya nne ijumlisheni kwa kila mtu katika miradi yote mliyo nayo. Ikizidi 100, kuna wafadhili wawili wanaolipia saa ileile, na mkaguzi ataiona kabla ya kufungua stakabadhi yoyote.