Sili ngano, ila meza ya Wafilipino siiachi

Kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia meseji juzi, yuko hapahapa Dubai, anafanya kazi saluni na wenzake karibu wote ni Wafilipino, daktari kamkataza ngano maisha, na sasa kila wakitoka kwenda kula yeye anaagiza maji na wali mweupe anakaa anawaangalia. Anauliza aache tu kutoka nao au vipi. Mdogo wangu, usiache! Nimeisoma meseji yako nimekasirika, sio na wewe, nimekasirika kwasababu na mimi nilikaa kwenye hicho kiti cha maji na wali mkavu na hakuna mtu alonambia haya ntakayokwambia.

Kwa mlio wapya, mimi nina siliaki. Sio aleji ya kuwashwa na sio dayati ya kupunguza tumbo. Ni mwili wenyewe unaushambulia utumbo mdogo kila ukipata gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula vinaharibika, ndo mana mtu anakula anashiba na bado damu iko chini, nywele zinakatika, uchovu hauishi. Kidonge cha kuitibu hakuna, ni kuacha gluteni, na kuacha kwenyewe ni kuacha kabisa. (Na kama unahisi unayo usianze kuacha ngano kabla ya vipimo, kile kipimo cha damu kinataka uwe bado unakula, la sivyo kinaweza kusema uko salama.) Mtoto wa Tanga mimi, nimekulia kwenye mahamri na chapati, habari hii nimeipokea nikiwa ugenini peke yangu. Nikampigia mama mkubwa, akanambia hayo maradhi ya Wazungu, chapati moja haijaua mtu. Mpaka leo nikienda likizo ananiwekea chapati kwenye sahani anakaa pembeni ananitazama. Mama mkubwa nampenda, lakini hilo sijalisahau.

Sasa tuje kwa Wafilipino. Ukikaa Karama, Satwa au kule Rigga utakula kwao tu, bei nzuri na kazini umezungukwa nao. Na ukiangalia kwa haraka mtu wa pwani unasema hapa ndo kwetu, wali asubuhi mchana na jioni, tui la nazi, samaki, ukwaju, siki, majani ya magimbi yamepikwa kwa nazi mpaka yamelainika, hiyo wanaita laing. Hata mlonge wanao! Wanauita malunggay, wanautia kwenye supu ya kuku yenye tangawizi na papai bichi inayoitwa tinola. Ngano utaiona wapi hapo?

Iko kwenye chupa. Mgahawa mmoja, siutaji, niliuliza kabisa adobo ina ngano, weita akanijibu hapana mam, ni kuku, siki na kitunguu saumu. Na wala hakuwa ananidanganya, kwake yeye ngano ni mkate. Lakini adobo ya migahawani inapikwa na toyo, yani sosi ya soya, na toyo ya kawaida inatengenezwa kwa soya NA ngano. Wikiendi yangu yote ikaishia chooni, nikawaandikia, meneja akanijibu labda nimepata virusi vya tumbo. Virusi! Namuombea heri ila chakula chake sili tena.

Tangu hapo siulizi gluteni na siulizi ngano, nauliza toyo. Mdogo wangu ukitoka na hili moja tu kwenye makala hii inatosha: uliza toyo. Ikariri hivi, "May toyo po ba?" yani kuna toyo humu? Alafu hii, "Bawal sa akin ang toyo at harina," kwangu toyo na unga ni marufuku. Hiyo po usiisahau, ni heshima yao, kama shikamoo vile ukimwamkia mkubwa. Msichana akiwa mkubwa kwako mwite ate, mwanaume kuya, utaona sura inabadilika, atakwenda jikoni kuuliza kwa moyo, hatakujibu palepale ili uondoke.

Ukishauliza toyo, uliza na sosi ya chaza maana nyingi zina ngano, uliza na zile chupa ndogo za kukolezea, hasa kwenye sisig, ile nyama ya kukatakata ya kwenye sahani ya moto, hata ile ya kuku. Alafu mafuta. Hili watu wanalidharau sana, unaagiza samaki wa kukaanga, hana unga, hana toyo, kumbe kakaangwa kwenye mafuta yaleyale ya lumpia, zile kama sambusa za kuviringisha, na lumpia zile zinafungwa kwa manda za ngano. Kwahiyo vya kukaanga mi niliviacha, nakula vya kuchemsha na vya kuchoma. Sinigang ndo mwokozi wangu, mchuzi wa ukwaju mkali, ila uliza kama wametumia ukwaju wenyewe au unga wa pakiti, ikiwa pakiti omba uione nyuma. Tinola ikikolezwa kwa patis, ule mchuzi wa samaki wenye chumvi, haina neno. Kare-kare, mkia wa ng'ombe kwa karanga, asili yake inafanywa nzito kwa mchele wa kukaanga uliosagwa, lakini wapo wanaotia unga wa ngano ili ishike haraka, uliza. Kuku wa inasal anarowekwa kwa siki, ndimu na mchaichai, mtamu balaa, ila kuna wapishi wanadondoshea toyo, uliza. Wali chukua mweupe, ule wa saumu unakaangwa kwenye karai ambalo hujui limepikiwa nini. Na cha kuchovya usikubali ile toyo na ndimu, omba siki na pilipili, ndo nzuri zaidi hata kwa mtu mzima wa afya.

Najua narudia uliza uliza. Ndo kazi yenyewe.

Jumamosi ilopita ndo imenipa nguvu ya kuandika. Mwenzangu wa kazini alikuwa na bethdei, na kwa Wafilipino bethdei bila pancit haijakamilika, tambi ndefu kwa maisha marefu, na usipokula kidogo unakuwa kama umekataa kumuombea mwenzio. Huko nyuma nilikuwa natafuta visingizio, leo zamu, leo kichwa. Safari hii nikamwambia wiki nzima kabla, ate, tambi nyingi za sherehe ni canton, hizo ni ngano, lakini bihon ni za mchele na sotanghon ni za choroko, naomba sahani moja ya bihon, isitiwe toyo wala sosi ya chaza, itiwe patis, na karai lioshwe kwanza. Nilidhani ataona usumbufu. Akapiga simu mgahawani mwenyewe, wakaongea Kitagalogi hapo sielewi kitu zaidi ya bawal, bawal, bawal. Tulikwenda saa kumi na moja jioni kabla watu hawajajaa, na hilo pia nakushauri, jikoni kukiwa na fujo hakuna anayekusikiliza. Nikaletewa bihon yangu ina kabichi, karoti, kamba na ndimu pembeni, nikala nikaongeza, na usiku nikalala kama mtoto. Wenzangu wakaacha canton yao wakawa wanachota kwangu, nikawatolea ukali kidogo, kijiko chenye canton kisiingie hapa! Wakacheka, wakaomba kijiko kisafi.

Na hapa niseme ukweli hata kama utawauma baadhi. Kuna watu wana ugonjwa huu na wanaona aibu kuliko maumivu. Anakula kidogo ili asionekane anaringa, alafu anajitetea mbona sikuharisha, sasa utumbo unaharibika hata usipoharisha! Msosi na wenzako kazini sio anasa, hapo ndo unasikia nafasi mpya imetoka wapi, nani anahama chumba, nani anatafuta mtu wa zamu, ukijifungia ndani na wali wako unapitwa na mengi. Nenda, ongea, uliza, na jikoni wakishindwa kukujibu kunywa juisi ya ndimu usile kitu, bila kununa. Anayekuambia unadeka hatakubebea mkojo wala damu kwenda maabara.

Tamu sasa, maana najua utaniuliza. Suman ni mchele wa kunata na tui ndani ya jani la mgomba, kula. Biko, wali wa kunata wa tui na sukari, kula. Taho, ile soya laini yenye shira na sago, kula. Halo-halo ni barafu ya kusaga, maziwa, maharage matamu na kiazi kikuu cha zambarau, nyingi hazina shida ila wakichomeka biskuti juu rudisha, usitoe biskuti ukaendelea. Bibingka na puto, zile keki zao, asili yake ni mchele lakini siku hizi wapo wanaochanganya unga wa ngano, kwahiyo may harina po ba? Kutsinta, vile vikeki laini vya mvuke, ndo bado sijaipata salama, kila ninapouliza wananambia wametia ngano kidogo ishikane. Anayejua pa kuipata ya mchele mtupu, iwe Satwa, Karama hata Sharjah, anielekeze, nauli ntajilipia.