Kabla Hujamwambia Mtu Ni Najisi

Wewe unayeanza kuongoza kikundi cha Biblia mtaani, iko wiki utafika Walawi. Mimi nimeongoza kikundi hapa Kayole miaka 11, na mwanzoni sura ya 11 hadi ya 15, zinazoeleza nini na nani ni najisi, nilikuwa naziruka. Nilisema hiyo ni sheria ya zamani, twendeni Warumi. Nilikosea, na kosa lile lilimwumiza mtu.

Jumapili moja ya meza ya Bwana, binti wa kikundi changu alibaki nje, kando ya tangi la maji, Biblia kaikumbatia kifuani. "Mama, niko kwa siku zangu," akaniambia. Kanisa alikolelewa walimfundisha asikaribie. Sikuwa na jibu, kwa kuwa sura yenyewe sikuijua. Nikamshika mkono tu: "Ingia, Mungu haangalii hayo." Akaingia. Sahani ya mkate ilipomfikia, akaipitisha kwa jirani bila kugusa.

Kwa hivyo anza na neno lenyewe. Siku hizi hapa Kenya tukisikia unajisi, tunawaza kesi mahakamani, mtoto aliyetendewa unyama. Neno limebeba hatia nzito. Katika sura hizi za Walawi, mama aliyejifungua mtoto wa kiume alisubiri siku 40 kabla ya kuingia patakatifu, wa kike siku 80. Je, kuzaa ni dhambi, na Mungu ndiye aliyesema zaeni mkaongezeke? Na katika Hesabu 19, aliyemgusa maiti, hata akimzika babake, alikuwa najisi siku 7, na kumzika ni wajibu wake. Ilikuwa hali ya mwili, ya muda, iliyomzuia mtu kukaribia hema la ibada. Jirani zetu Waislamu hulielewa jambo hili upesi: mwanamke aliye katika hedhi haswali, wala hahesabiwi dhambi.

Utaulizwa, mbona basi mama yule aliyejifungua alitoa sadaka ya dhambi? Mwonyeshe anayeuliza Walawi 8:15. Musa aliitakasa madhabahu kwa sadaka hiyo hiyo, na madhabahu haitendi dhambi.

Ukishaeleweka hapo, ndipo mfungue Marko 5, wala usiharakishe. Mwanamke ametokwa na damu miaka 12. Kwa Walawi 15, anayegusa alipolala au alipoketi huwa najisi hadi jioni. Anapenya kwenye umati, anagusa vazi la Yesu, na mambo yanageuka: badala ya unajisi kumpata Yesu, uzima unamtoka Yesu kwenda kwa mwanamke. Kisha anamwita Binti, mbele ya watu wote. Tuliposoma hapo, yule binti wetu ndiye aliyekuwa na zamu ya kusoma. Alifika mstari wa 34, akanyamaza, tukamngoja.

Usije ukawadharau wanaoshika sheria hizi. Jirani yako Mwadventista haonji nguruwe, na Warumi 14 inakukataza kumhukumu kwa chakula, kama inavyomkataza yeye kukuhukumu. Hata Yesu, baada ya kumgusa mwenye ukoma na kumtakasa, alimtuma kwa kuhani akatoe alichoamuru Musa.

Ila usifunge kitabu hapo. Mungu wa Walawi 11, anayesema muwe watakatifu kwa kuwa yeye ni mtakatifu, anarudia neno hilo sura ya 19, na mara hii analiweka kwenye mizani ya dukani na kwenye mshahara: ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Mimi naona hapa ndipo usafi unapotupima sisi wa Nairobi, kuliko kwenye sahani. Nilipousoma mstari wa 13 kikundini nikauliza ni nani ana deni la mama fua, anayetufulia nguo kwa ujira. Kimya. Kisha dada mmoja akatoa simu, akatuma shilingi 400 za Jumanne kabla hatujaomba sala ya kufunga.