Kocha akishatolewa nje, sogea mbali naye

Kupuliza filimbi ya kumtoa kocha wa mpira wa kikapu hakuchukui hata sekunde. Kazi iko kwenye dakika mbili zinazofuata, na ndizo zilizonishinda mwaka wangu wa kwanza wa uamuzi.

Tulikuwa Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye kiwanja cha saruji, mwezi wa kumi, jua kali. Kocha alikuwa na C moja, yaani tekniki (kosa la utovu wa nidhamu) ya kwake mwenyewe, kwenye fomu ya mchezo tangu robo ya pili. Robo ya nne akaingia uwanjani na kuutupa ubao wake wa kuchorea mbele ya miguu yangu. Nikapuliza: C ya pili, nje. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Kosa langu ni kwamba nilibaki mbele yake na kumwonyesha geti kwa kidole. Mtu wa umri wa baba yangu, wachezaji wake wote wanamtazama! Angeondokaje? Alinisogelea mpaka nikaona jasho likidondoka kwenye ndevu zake.

Mwamuzi mkuu akanishika kiwiko. "Mdogo wangu, nenda mezani. Papa niachie mimi." Papa ndivyo tunavyomwita mzee huku kwetu.

Akasimama naye kando, mikono nyuma, bila kumgusa. "Papa, nimekusikia. Kwako mchezo umeisha leo. Timu unamwachia nani?"

Kocha akanyamaza. Akauokota ubao, akampa msaidizi wake, akaenda.

Swali lile nalitumia mpaka leo. Linamwachia mzee kazi moja ya mwisho ya ukocha, atoke kama kiongozi. Tena ndiyo kanuni: msaidizi wa kwanza anachukua timu, na kama hayupo, nahodha.

Wewe uliyepuliza, kaa mezani uhakikishe fomu. Kocha hutolewa kwa tekniki mbili za kwake mwenyewe, au tatu zikihesabiwa pamoja na za benchi, zile B. Adhabu ya C ya pili ni mtupo huru 1 tu, kisha mchezo unaendelea pale uliposimama. Mitupo 2 na mpira kwa timu pinzani ni adhabu ya kufukuzwa moja kwa moja, kwa kosa zito. Wengi huchanganya hapo, na ukikosea wakati huo unawasha moto wa pili.

Halafu anakwenda wapi? Kanuni inasema chumba cha kubadilishia nguo, au atoke kabisa kwenye jengo. Viwanja vyetu vingi havina chumba wala jengo. Kwa hiyo kabla ya mchezo kubaliana na makocha wote wawili na msimamizi wa kiwanja: atakayetolewa atapita geti lile. Ukingoja ugomvi uanze ndipo mjadiliane, umechelewa. Akigoma, usimfuate wala usimsukume. Mwite nahodha na msimamizi, waambie kwa sauti ya chini kwamba mpira hauchezwi mpaka papa atoke, kisha shika mpira usubiri. Akianza kupanga timu kutoka nyuma ya ukuta, rudi kwa msimamizi yuleyule.

Ripoti iandike jioni hiyohiyo, na maneno yaandike yalivyotoka, yawe ya Kiswahili au ya Kifaransa. Mimi ile ya Katuba niliiandika baada ya siku nne, nikaweka "alinitukana" basi. Kamati ikaniita na kuniuliza: alisema nini hasa? Sikukumbuka tena.